Neno Mahali pa Maji

Onema alifuta neno la kwanza mapema, na alijua anachofanya.

Kazi ile ina utaratibu wake. Unachokonoa uchafu na rangi iliyokufa ndani ya herufi kwa sindano ya gunia. Unapaka rangi nyeupe, nzito, unaisukuma kwa kidole mpaka ijae katika kila mkato wa chuma. Halafu unasubiri. Unasubiri muda wa kuchemsha chai na kuinywa, mpaka rangi ishike chini huku juu ikiwa bado laini. Ndipo unapochukua kitambaa cha pamba, unakikaza juu ya kibao kidogo, unakipitisha mara moja tu. Ukikipitisha mapema kinavuta rangi yote, unabaki na mikato mitupu, unaanza upya.

Alikuwa amejifunza kazi hiyo katika karakana ya reli ya Kindu, akiandika namba za mabehewa, na kwa miaka tisa hakuwahi kukosea muda. Alhamisi ile neno PHARES, yaani taa kwa Kifaransa, alikuwa ameliharibu mara tatu.

"Ya tatu hiyo," sauti ilisema nyuma ya dirisha la mbao, ubavuni mwa gari. "Utamaliza rangi."

"Rangi iko mingi."

"Lakini siku hakuna."

Onema hakugeuka. Aliinama juu ya dashibodi, akachovya kidole katika kopo.

Gari lilikuwa la Mzee Asumani, Peugeot nyeusi ya zamani kuliko binti yake Aziza, nalo lilikuwa chini ya kibanda cha bati kilichoegemea ukuta wa nyumba, kwa sababu mvua za mwezi wa kumi na moja hazikuwa na saa. Dirisha lile lilikuwa la chumba cha Aziza. Tangu Jumamosi alikuwa amewekwa ndani, kama walivyowekwa mama yake na bibi yake, bibi harusi asionwe na mwanamume hadi siku ya kutolewa. Ijumaa baada ya sala ndoa ingefungwa msikitini. Jumamosi angepanda gari hili, avuke mto kwa kivuko mpaka Alunguli, ashike njia ya Kampene kwa mumewe, Matata, dereva wa lori.

Mzee Asumani alitaka gari liwe kama lilivyokuwa wakati wa marehemu mkewe, Halima. Alikuwa ameshonesha viti upya na kuchubua kutu. Yalikuwa yamebaki maneno matano kwenye bamba la chuma la dashibodi, na mtu mwenye mkono wa kuyarudisha, katika Kindu nzima, alikuwa mmoja, yule yule aliyekuja na mjomba wake mwezi wa saba kumposa Aziza, akarudishwa kwa adabu.

"Kazi njo kazi," Mzee alikuwa amemwambia. "Na mutoto eko ndani. Hutamuona."

Kweli hakumwona. Mzee hakufikiri juu ya masikio.

Nyuma ya nyumba Shangazi Jamila, dada yake Mzee, alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Kinu kilipolia, walisema. Kinu kiliponyamaza, walinyamaza. Kilikuwa kinalia sasa, kwa nguvu.

"Treni iko gareni tangu jana," Onema alisema, akielekeza kidevu upande wa stesheni. "Inatoka kesho alfajiri. Kwenye behewa la mafundi iko nafasi mbili."

"Nani amekupa nafasi mbili?"

"Wenzangu wa karakana."

"Basi Kindu yote inajua." Alicheka kidogo, kisha kicheko kikakatika. "Hata mke wa imamu amekwisha kujua. Atakuja kuniaga na chapati za njiani."

"Aziza. Sifanyi mchezo."

"Hata mi."

Katika ubao wa dirisha palikuwa na tundu, mahali ambapo fundo la mti lilidondoka zamani. Onema alikuwa ameliona tangu asubuhi, akajikataza. Sasa aliliangalia, na ndani yake palikuwa na jicho moja. Hakuona zaidi ya hilo, jicho jeusi, lililovimba kidogo chini. Halikupepesa. Akaona afadhali aangalie rangi.

"Usiponijibu nitaliharibu tena neno hili," alisema.

"Nikimbie, halafu? Kesho baba anasimama mbele ya watu, ananyoosha mikono mitupu. Unajua kwa nini alimpa Matata neno la kunioa?"

"Najua."

"Hujui. Ulisikia tu." Sauti yake ilishuka. "Mama aliugua Kampene, kwa dada yake. Njia ilikuwa imekatika, madereva wote walikataa. Matata akasema, mimi naenda. Siku mbili kwenye matope, Onema. Alimufunga mama na magodoro kwenye kabini asirushwe. Yeye akaendesha mlango wazi, mguu mumoja nje, sababu nafasi ilikuwa hakuna. Akamufikisha akiwa hai. Mama alikufa hapa, kichwa chake kwenye mapaja yangu. Bila ule muntu angekufa porini kwenye lori. Baba alimuuliza unataka nini. Akasema hataki kitu. Hata chai hakunywa. Ikapita miezi sita ndipo akaleta wazee wake kuuliza kama binti wa nyumba hii ameposwa. Ungekuwa baba, ungesema nini?"

Kinu kililia. Onema alipitisha kitambaa. Safari hii, bila kukusudia, alikipitisha kwa wakati wake, na PHARES likatokea jeupe na safi kama siku lilipotoka kiwandani. Aliliangalia kwa chuki.

"Nilitaka awe muntu mubaya," alisema baadaye. "Niliuliza wachimbaji wa Kampene. Niliuliza madereva. Nikamuuliza hata mwanamuke anayeuza pombe pale gareni, ule hasifu muntu. Wote wanasema, Matata? Eko muzuri. Hata mumoja hakumutukana."

"Hata mi niliuliza," alisema Aziza.

Wakanyamaza wote wawili, ingawa kinu hakikuwa kimenyamaza.

Akaendelea na ESSENCE, ya petroli, akaendelea na HUILE, ya mafuta ya injini. Hakuharibu tena. Alijua sasa kwamba kila neno lilikuwa kungoja kumoja, na kila kungoja kulikuwa maneno machache kupitia ubao, na yakiisha yamekwisha. Katika kungoja kwa ESSENCE alimweleza juu ya mama yake, Euphrasie, ambaye bado alimwita Edouard mezani ingawa kitambulisho kilisema Onema tu. Mama huyo alikuwa amemwambia kwamba akiingia dini ya watu wengine kwa ajili ya msichana asirudi kukaa kwenye meza ile.

"Ukamujibu nini?"

"Nikala nimesimama. Tangu mwezi wa saba nakula nimesimama."

"Mukaidi wewe."

"Halafu baba yako akaniambia dini si tatizo, ningejifunza. Tatizo ni neno limekwisha kutoka. Mama yangu bado ananuna kwa jambo ambalo hata halikuhitajika."

Katika kungoja kwa HUILE Aziza alipitisha vidole viwili chini ya dirisha, mahali ubao ulipoliwa na mchwa, na Onema alivishika kwa mkono wake ulio safi. Vilikuwa baridi. Hina ingepakwa usiku wa siku ile, vidole vilikuwa bado vyake tu. Alivishika mpaka rangi ikakaribia kupita muda wake.

STARTER lilimalizika kinu kikianza kupunguza kasi.

Likabaki la mwisho, chini ya saa ya joto la maji. Zamani lilikuwa EAU. Kutu ilikuwa imelila lote, pamebaki kivuli. Onema alikuwa amelainisha mahali pale kwa tupa asubuhi, tayari kwa kukata herufi mpya.

"Limebaki moja," alisema. "Hili lazima nilichonge upya."

"Linasema nini?"

"Maji."

Jicho likarudi kwenye tundu.

"Baba hasomi hizi herufi," Aziza alisema. "Anasoma za Kiarabu peke yake. Maneno ya motokari alionyeshwa na mama, moja moja, na mahali pake. Hapa taa, hapa mafuta. Anajua mahali, hasomi."

"Unataka kusema nini?"

"Jumamosi nitakaa kiti cha mbele, kiti cha mama. Nimemuomba, amekubali. Njia ya Kampene ni ndefu. Andika hapo kitu cha kusoma."

"Nini?"

"Jina lako."

Onema aliweka kitambaa chini. "Lipi? La kitambulisho au la mezani?"

"Lile ninaloita mimi."

Alichukua kisu kidogo cha kuchongea na nyundo ya fundi saa. Mahali palikuwa padogo, pa herufi tatu, na ONEMA lina tano. Alizibana. Alichonga kwa kufuata mapigo ya kinu, pigo kwa pigo, ili sauti ya chuma isisikike peke yake, na hakuinua kichwa mpaka mguu wa mwisho wa herufi ya mwisho. Alikuwa ameandika majina ya stesheni zote mpaka Kalemie. La kwake hakuwahi kuliandika juu ya kitu.

Kinu kikanyamaza. Mlangoni mwa ua, Mzee Asumani alikuwa amerudi kutoka sala ya alasiri.

"Umefika wapi, fundi?"

"Limebaki kutia rangi moja, Muzee."

"Ngoja nione."

Onema alitoka, Mzee akaingia akakaa nyuma ya usukani. Hakutazama. Alifumba macho, akanyoosha mkono wa kulia, kidole gumba kikapita juu ya bamba kutoka kushoto, na alipopita midomo yake ilisema kwa sauti ndogo: taa, essence, mafuta, kuwasha. Onema, amesimama mlangoni mwa gari, alielewa wakati ambapo kuelewa hakukusaidia kitu. Halima hakumwonyesha mumewe mahali tu. Alikuwa amemshika kidole akakipitisha juu ya kila herufi, jioni baada ya jioni, mpaka kidole kikajua.

Kidole kilifika neno la mwisho. Kikasimama. Kikarudi, kikapita tena, polepole.

"Neno limekuwa refu," Mzee alisema.

Onema alifuta kidole chake kwenye suruali.

"Nakuuliza, fundi. Hapa ilikuwa maji. Sasa ni nini?"

"Muzee..."

"Aziza," aliita, bila kupaza sauti, kama mtu aliyejua sana aliko anayemwita. "Toka."

Shangazi Jamila alikuja mbio kutoka nyuma, mikono imejaa kijani cha sombe. "Kaka, mutoto eko ndani. Kesho ndoa. Atatoka aje mbele ya huyu?"

"Huyu amekwisha kuingia, Jamila. Wewe ulikuwa unamupigia ngoma."

Mlango ukafunguka. Aziza alitoka amejifunika kitenge kutoka kichwani, ameshika ncha zake chini ya kidevu. Siku sita hakupigwa na jua, na uso wake ulikuwa umefifia, umekuwa mdogo kuliko Onema alivyoukumbuka. Alipita karibu naye bila kumwangalia. Harufu ya liwa na mafuta ya karafuu ilipita naye. Akafungua mlango wa pili, akakaa kwenye kiti cha mama yake.

"Soma," alisema Mzee.

Angeweza kusema maji. Onema aliliona hilo, na aliona kwamba Aziza analiona. Neno moja dogo, na kila mtu angerudi mahali pake.

"Ni jina lake, baba," alisema Aziza. "Mimi nilimuomba."

Mzee Asumani alifungua macho. Aliliangalia bamba kwa muda mrefu, kwa macho ambayo hayakupata kitu pale.

"Lifute," alimwambia Onema.

"Haifutiki, Muzee. Nimekata chuma."

"Lijaze nyeusi."

"Naweza. Macho hayataliona. Lakini kidole chako kitaendelea kulisikia."

Shangazi Jamila aliomba Mungu kwa sauti ya chini. Mzee alishika usukani kwa mikono miwili, kama mtu aliye njiani.

"Nilitoa neno," alisema, na hakuwa akimwambia mtu mmoja. "Muke wangu alikuwa anapumua kwenye lori ya ule muntu. Nilitoa neno, silirudishi."

"Najua, baba. Sijakataa. Nitaenda."

"Kama unaenda, basi hii ni ya nini?"

Mkono wa Aziza ulikuwa magotini, na Onema aliuona ukifunguka na kufumbika.

"Wewe, baba, wakati unaendesha peke yako, kwa nini unafumba macho kwenye kituo cha mafuta na kupitisha kidole hapa? Maneno umekwisha kuyajua miaka ishirini."

Taya la Mzee lilicheza chini ya ndevu nyeupe. Kisha alimwangalia Onema, kwa mara ya kwanza tangu arudi, na hapakuwa na hasira katika macho yale. Ingekuwa rahisi zaidi kama ingekuwapo.

"Tia rangi kama mengine," alisema. "Sitaki motokari yenye neno moja limeachwa."

Akabaki amekaa. Hakumwambia Aziza arudi ndani, wala hakumwambia Jamila aende zake, na Jamila akakaa kwenye kizingiti na mikono yake ya kijani. Onema alipiga magoti kwenye mlango wa abiria, akanyoosha mkono juu ya magoti ya Aziza bila kuyagusa, akasukuma rangi ndani ya herufi zake. Walikuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi. Akamaliza, akakaza kitambaa juu ya kibao, akampa Aziza.

"Futa wewe. Mara moja tu. Usirudie."

Aliweka kibao juu ya chuma. "Sasa?"

"Bado."

Mvua ndogo ilianza juu ya bati. Kuku walikimbilia chini ya gari.

"Sasa?"

"Bado."

Rangi ilikuwa imeshika. Onema aliijua rangi ile kama alivyojua joto la mkono wake mwenyewe, na alijua kwamba wakati ulikuwa umefika.

"Sasa, Onema?"

"Bado," alisema.

Aziza alimgeukia. Macho mawili safari hii, karibu, yamejaa. Hakuuliza tena. Alikuwa tayari kukaa pale na kibao mkononi mpaka rangi igeuke jiwe, mpaka mvua ya mwaka ule iishe na nyingine ianze, na Onema angeendelea kusema bado, bado, na hakuna hata mmoja wao ambaye angechoka.

"Sasa," alisema Mzee Asumani, bila kuwaangalia.

Mkono wa Aziza ulipita. Herufi zikabaki, nyeupe.

Jumamosi Onema hakwenda mtoni. Aliambiwa tu. Aliambiwa kwamba lori la Matata lilitangulia, na Peugeot ikafuata, na kwamba bibi harusi alikaa mbele. Alipaka namba za mabehewa matatu siku ile na yote matatu alikosea, na mkuu wa karakana, ambaye alikuwa mmoja wa waliojua, aliyafuta mwenyewe bila kusema.

Ilipofika siku ya kumi na moja, Peugeot ikasimama mbele ya karakana, imejaa matope mpaka kwenye vioo. Mzee Asumani alikuwa peke yake. Alikuwa amekonda. Alimwita Onema kwa kidole, akamfungulia mlango wa abiria.

"Angalia kazi yako."

Onema aliingia. Aliogopa kukaa kwenye kiti kile, akakaa ukingoni. Maneno manne yalikuwa yamelala meupe chini ya vumbi. La tano lilikuwa tupu. Rangi ilikuwa imetoka yote, na mikato iling'aa chuma kitupu, kingo zimelainika.

"Nani ameitoa?" aliuliza. "Wamemulazimisha kuitoa?"

"Hakuna muntu amegusa." Mzee aliangalia mbele kupitia kioo, kule reli zilikokwenda. "Aliweka kidole pale wakati tunapanda kivuko. Nikafikiri, tukifika Alunguli ataondoa. Tukafika. Nikafikiri, usiku tukilala njiani. Asubuhi akapanda, akaweka tena. Siku mbili. Kwenye mashimo, kwenye matope, wakati Matata anatuvuta kwa kamba. Sikusikia akilia. Alikuwa anapitisha tu, hivi, anapitisha. Tulipofika Kampene kidole kilikuwa cheupe chote. Watu wake Matata walifikiri ni unga wa harusi."

Nyuma ya Onema mtu alikuwa akigonga chuma, kisha akaacha.

"Eko muzima?" aliuliza mwishoni.

"Eko muzima. Ameniomba nimusalimie mama yako." Mzee alitoa leso, akaikunja, akairudisha mfukoni bila kuitumia. "Atakuja idi kunitazama. Mume wake ameruhusu. Nitaenda kumuchukua mimi mwenyewe."

Alinyoosha mkono, kidole gumba kikapita juu ya jina lile tupu, kutoka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Tia tena," alisema. "Na utie nzito. Kurudi vilevile ni siku mbili."

Onema alichukua sindano ya gunia, akaanza kutoa vumbi la njia ya Kampene ndani ya jina lake.